Wakaribisheni Wanachuo Mezani Penu



Mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya watu ambao kwa kawaida hatuwafikirii tunapozungumza juu ya ndoa, yaani wanafunzi wa vyuo. Huenda mtauliza, "Wanafunzi wa chuo wanahusiana nini na ndoa yetu?" Naomba mnivumilie mpaka mwisho. Nina hakika kwamba vijana hao wanaihitaji ndoa yenu kuliko wanavyoyahitaji mafundisho yangu, na kwamba ndoa yenu nayo itapata faida kwao.

Mimi na mke wangu tunaishi Njoro, karibu na Nakuru. Huku ndiko kuliko na Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Mimi ni katekista, na masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Mke wangu ni fundi wa cherehani, hushona sare za shule. Tuna watoto wanne, ng'ombe wawili, na shamba dogo la mahindi na viazi. Nawaeleza hayo ili mjue kwamba anayeandika hapa si tajiri wala msomi.

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika, viti vya kanisa hujaa. Kwaya hupata sauti mpya. Baada ya miezi michache tunaanza kuona nafasi wazi. Zamani nilikuwa nikisema, "Vijana wa siku hizi hawana imani." Kisha siku moja nilikutana njiani na kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ameacha kuja, nikamwuliza sababu. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, nikija Misa au nisipokuja, hakuna anayejua. Nikitoka hapo narudi chumbani kupika peke yangu."

Neno hilo lilinichoma. Huko kwao kijana huyo alikuwa mtumishi wa altare. Alikuwa na jumuiya, na akina mama waliojua jina lake. Hapa kwetu tulimpa kiti cha kukalia kwa saa moja na nusu, basi. Nilipomsimulia mke wangu, alisema, "Jumapili mwambie aje ale hapa, na aje na mwenzake asione haya." Hivyo ndivyo kazi yetu hii ilivyoanza. Sasa ni mwaka wa tisa.

1. Washona mahema na msomi wa Aleksandria

Mwanzoni niliogopa. Nilijiuliza, "Mtu wa kidato cha nne atamwambia nini mtu anayesomea shahada?" Jibu nililipata katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Tafadhali someni sura hiyo pamoja, mume na mke, kabla ya kulala leo.

Humo tunakutana na Akula na mkewe Prisila. Walikuwa wamefukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho wakiwa wakimbizi. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Mtume Paulo, ambaye alijua kazi hiyo hiyo, alikaa kwao wakafanya kazi pamoja. Baadaye walihamia Efeso. Huko Efeso akatokea mtu mmoja aitwaye Apolo, mzaliwa wa Aleksandria, mji uliosifika kwa elimu. Alikuwa hodari wa kusema na aliyajua Maandiko vizuri, lakini juu ya ubatizo alijua ule wa Yohane tu.

Akula na Prisila walimsikia akihubiri katika sinagogi. Wangeweza kusimama na kumsahihisha mbele ya watu wote. Wangeweza pia kunyamaza na kusema, "Sisi ni mafundi tu, huyu ni msomi." Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi. Baada ya hapo Apolo alikwenda Akaya na akawa msaada mkubwa kwa waamini wa huko.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, hawakumwaibisha. Pili, walikuwa wawili: kazi hii haikuwa ya mume peke yake wala ya mke peke yake. Katika salamu zake kwa Warumi (16:3), Paulo anamtaja hata Prisila kwanza. Tatu, walitumia nyumba. Paulo anasema zaidi ya mara moja kwamba kanisa lilikutana katika nyumba yao (Rum 16:5, 1 Kor 16:19). Papa Benedikto XVI aliwatolea watu hawa wawili katekesi nzima tarehe 7 Februari 2007, na Kanisa huwakumbuka tarehe 8 Julai. Wanandoa wengi Wakatoliki hawajui kwamba wana wasimamizi wa namna hiyo mbinguni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani (Lumen Gentium, 11). Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya familia ya mwaka 1981, alifundisha kwamba familia ya Kikristo hutoa huduma inapofungua mlango wa nyumba, na zaidi mlango wa moyo, kwa ndugu wenye shida (Familiaris Consortio, 44). Mwanafunzi anayekula peke yake chumbani, mbali na kwao, ni mmoja wa ndugu hao.

2. Mjomba wa Krakow

Papa huyo hakuandika mambo ya kufikirika. Sisi Wakenya tulimwona mara tatu: mwaka 1980, 1985 na 1995. Lakini kabla ya kuwa Papa alikuwa padre kijana huko Polandi, jina lake Karol Wojtyła, na mwaka 1949 alitumwa kufanya kazi katika parokia moja ya mji wa Krakow iliyokuwa na wanafunzi wengi wa chuo kikuu.

Nyakati hizo nchi ilitawaliwa na Wakomunisti, na padre hakuruhusiwa kuongoza vikundi vya vijana. Basi alifanya nini? Alitembea nao. Walipanda milima, waliteleza juu ya theluji, walisafiri kwa mitumbwi midogo mitoni kwa siku nyingi. Alivaa nguo za kawaida, na vijana walimwita "Wujek", yaani mjomba, ili asijulikane kwamba ni padre. Asubuhi aliwaadhimishia Misa kandokando ya mto, na mtumbwi uliopinduliwa ukawa altare. Wakati wa kupiga kasia, kijana mmoja mmoja aliketi naye katika mtumbwi wake, wakazungumza juu ya masomo, uchumba, dhambi na sala.

Mwezi Julai 1958 alikuwa katika safari kama hiyo alipoitwa Warsaw na kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu. Alikubali, kisha akarudi kwa vijana wake mtoni. Kutokana na mazungumzo yake na vijana na wachumba aliandika kitabu juu ya upendo na wajibu, kilichotolewa mwaka 1960. Wengi wa vijana hao walioana, naye akabaki rafiki wa familia zao hata alipokuwa Papa.

Sisi hatuna mitumbwi wala theluji, lakini tuna sufuria, jembe, ng'ombe na uwanja wa mpira. Imani ilipita kwa vijana wale katikati ya jasho na vicheko. Hata kwetu inaweza kupita kwa njia hiyo.

3. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe

Wazee wetu walisema hivyo, na methali hiyo ina hekima kubwa kwa jambo hili. Ukimkalisha mwanafunzi sebuleni, ukampa soda na kumwangalia anavyokunywa, atabaki mgeni. Atasema asante na hatarudi. Lakini ukimwambia, "Njoo tumenye viazi," amekuwa mtu wa nyumbani.

Nyumbani kwetu wanakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili. Hawazidi sita. Wakifika, kila mtu ana kazi. Mmoja anakata sukuma wiki, mwingine anakanda unga wa chapati, mwingine anasaidia watoto na hesabu. Wakati wa mavuno tunakaa uani tukipukuchua mahindi, na mmoja anasoma Injili ya Jumapili inayofuata. Hakuna anayehubiri. Kila mtu anasema neno moja lililomgusa, na mikono inaendelea na kazi. Nimegundua kwamba mtu husema ukweli zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa kwenye gunzi la mahindi. Uso kwa uso anaona haya.

Kisha tunacheza. Watoto wangu wana mpira wa makaratasi ya nailoni, na hakuna mwanachuo aliyewahi kuukataa. Mvua ikinyesha tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mke wangu ndiye bingwa, na amewafunga wanafunzi wa hesabu mara nyingi. Kulikuwa na kijana kutoka Nairobi aliyekuwa akisomea kilimo, lakini aliogopa ng'ombe. Siku ya kwanza ya kujaribu kukamua, ng'ombe alipiga mkia tu, naye akarukia nje ya boma na kuacha kiatu kimoja ndani. Tulicheka mpaka machozi. Lakini tangu siku hiyo alikuwa wetu, na alipomaliza mwaka wa pili alikuwa akikamua vizuri kuliko mwanangu.

Mwezi wa Oktoba, nafasi ikipatikana, tunakwenda nao Subukia kwa hija ya kitaifa, tukiimba ndani ya matatu na kubeba chakula kwenye makarai. Na kila wanapokuja, kabla hawajaondoka, tunasali fungu moja la rozari na kuwaombea wazazi wao waliowasomesha. Hiyo ni dakika tano. Nimeona kijana mrefu akifuta machozi tulipomtaja mama yake.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Hapa kwetu hatujasahau yaliyotokea mapema mwaka 2008, jinsi majirani walivyogeukana baada ya uchaguzi. Watoto wangu sasa wanakula sufuria moja na Mturkana, Mkisii, Mtaita, Mkikuyu na Mkalenjin. Sijawahi kuwafundisha somo juu ya ukabila. Wanawajua hao kama kaka na dada zao wa Jumapili.

4. Kosa langu mezani

Sitaki mfikiri kwamba tumefanya yote vizuri. Niwasimulie jambo linaloniuma mpaka leo.

Kulikuwa na kijana mmoja, mpole, mwenye akili. Alianza kucheza kamari kwenye simu. Mwanzo shilingi hamsini, kisha mia mbili, na mwishowe akaila karo ya muhula mzima. Wazazi wake walikuwa wameuza ndama kwa ajili ya karo hiyo. Alimweleza mke wangu jikoni huku analia. Usiku mke wangu akaniambia, ili tusaidiane kufikiri.

Jumapili iliyofuata, sote tukiwa mezani, nilianza kufundisha juu ya Mwana Mpotevu. Sikumtaja jina, lakini nilimwangalia. Nilizungumza juu ya mali ya baba inayotapanywa. Nilisema mpaka juu ya simu. Kila mtu alielewa. Kijana yule aliacha wali nusu sahani, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena.

Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba watoto, yule baba wa Injili alimhubiria mwanawe mezani?" Nilikwenda kufungua Biblia. Sikuona mahubiri. Niliona baba anayekimbia, anayekumbatia, anayeagiza ndama achinjwe (Lk 15:20-24). Nami nilikuwa nimemhukumu kijana juu ya ndama wa wazazi wake.

Baada ya wiki mbili nilikwenda chumbani kwake kumwomba msamaha. Alinipokea vizuri na kunipikia chai. Alisema, "Mwalimu, yamekwisha." Tukikutana njiani tulisalimiana. Lakini mlango wa moyo wake kwangu ulikuwa umefungwa, na mimi ndiye niliyeufunga. Tangu hapo, kila siku ninapoamka, namtaja katika sala.

Tunajifunza nini? Kwanza, siri ya kijana ni amana. Pili, kusikiliza kunatangulia kufundisha. Sinodi ya Maaskofu juu ya vijana, ya Oktoba 2018, ilichukua habari ya wanafunzi wa Emau kuwa mfano. Someni Luka 24:13-35. Bwana Yesu alijiunga nao njiani, akawauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme masikitiko yao yote. Baadaye ndipo alipowaeleza Maandiko, na macho yao yalifunguka walipoketi mezani. Mimi nilianza na Maandiko, nikaiharibu meza.

Siku hizi wanapouliza maswali magumu tunajitahidi kusikiliza. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 walikuja na hasira na huzuni. Waliuliza kwa nini wanasiasa wanapewa kipaza sauti kanisani kwa sababu ya michango. Zamani ningewaambia wanyamaze na kusali. Safari hii tuliwasikiliza mpaka chai ikapoa, kisha tukasali pamoja kwa ajili ya waliofariki na kwa ajili ya nchi. Novemba mwaka huo huo maaskofu wetu nao walisema wazi juu ya michango hiyo, na vijana wakanikumbusha, "Mwalimu, uliona?" Niliona. Wakati mwingine kijana anasumbuliwa na jambo ambalo Kanisa lenyewe linalitafakari.

5. Siku nyumba ilipokuwa baridi

Sasa nafika kwenye jambo linalowahusu zaidi ninyi mliooana.

Mwaka mmoja ndugu yangu aliomba mchango wa harusi. Nilimpa pesa tulizoziweka kwa ajili ya mbolea, bila kumwambia mke wangu. Alijua Jumamosi jioni alipofungua kikopo. Tuligombana, na tukalala kila mtu ameangalia ukuta wake. Asubuhi tulikwenda Misa hatusemeshani, na ilikuwa Jumapili ya wanafunzi. Nilitaka kuwapigia simu niwaambie tuna ugonjwa nyumbani. Mke wangu akasema, "Usiongeze uongo juu ya mbolea."

Walikuja wanne. Mke wangu alikanda unga kimya. Mimi nilifungua redio. Kijana mmoja, ambaye alikuwa ametuzoea, akasema, "Mwalimu, leo nyumba ni baridi." Hakuna aliyecheka.

Nilikaa kidogo, kisha nikaenda jikoni. Wasichana wawili walikuwa hapo wanamenya viazi. Nilisema, "Mama, nilikosa. Pesa zilikuwa zetu, mimi nikazitoa kama zangu. Naomba unisamehe." Mke wangu hakujibu haraka. Aligeuza chapati. Kisha akasema, "Nimesikia. Shika hii sufuria, inaniunguza." Nikashika. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, nami naujua. Jioni tuliketi sote wawili na kalamu, tukapanga namna ya kupata mbolea, na mwaka ule tulitumia samadi zaidi.

Siku kadhaa baadaye mmoja wa wasichana wale alikuja dukani kwa mke wangu kuzibiwa sketi. Alimwambia kwamba kwao baba akikosa hunyamaza wiki nzima, mpaka mama ampikie vizuri, kisha jambo linazikwa bila kutajwa. Alikuwa ameamua hataolewa maisha yake yote. Akasema, "Sikujua mwanamume anaweza kusema nimekosa na bado akabaki mwenye nyumba."

Wapenzi wanandoa, kwa miaka yote nimefundisha darasa la ndoa kwa wachumba. Nina daftari lenye kurasa juu ya msamaha. Msichana yule hakusoma hata ukurasa mmoja wa daftari hilo. Alichokiona ni mwanamume ameshika sufuria ya moto.

Wengi wetu tunaogopa kukaribisha vijana kwa sababu tunafikiri ni lazima ndoa yetu iwe safi kama kitambaa cha altare. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake kwa vijana wa tarehe 25 Machi 2019 (Christus Vivit, 246), anaeleza sifa za mlezi mwema kama vijana wenyewe walivyozitaja. Hawakuomba mtu mkamilifu. Waliomba mtu anayekiri kwamba ni binadamu, mkosefu aliyesamehewa, anayetembea nao bila kuwaburuta. Wanafunzi wengi wameona ndoa zilizovunjika, na wameona ndoa za kuigiza katika simu zao. Walichokosa ni kuwaona watu wawili wanaokosana na kurudiana kwa sababu ya Sakramenti waliyoipokea.

Lakini angalieni: vijana wasifanywe waamuzi wa ugomvi wenu. Mambo ya chumbani, pesa kubwa, na makosa mazito yazungumzeni wawili, au mbele ya padre. Waone msamaha, wasibebeshwe mzigo.

6. Mambo ya kuangalia

Kabla ya kuanza, pokeeni mashauri haya tuliyoyapata kwa kukosa na kurekebisha:

(a) Kubalianeni kwanza, mume na mke. Kama mmoja hataki, ngojeni. Mgeni aliyealikwa na mmoja na kununiwa na mwingine huumia.

(b) Mjulisheni paroko na padre mlezi wa wanafunzi. Kazi hii ni ya Kanisa, si ya nyumba yenu peke yake.

(c) Mume asikae peke yake na mwanafunzi wa kike, wala mke na wa kiume, mlango ukiwa umefungwa. Watoto wenu wasiachwe peke yao na mgeni yeyote. Hii ni heshima kwa wote, nayo huzuia maneno.

(d) Pikeni mnachokula siku zote. Mkianza kuchinja kuku kila mara, baada ya miezi mitatu mtachoka na kufunga mlango. Githeri inatosha.

(e) Msikopeshe pesa. Deni hufukuza rafiki. Mwenye njaa apewe chakula. Mwenye shida ya karo msindikizeni kwa wanaohusika chuoni au parokiani.

(f) Msiwafanye vibarua. Kupukuchua mahindi pamoja ni jambo zuri. Kuwaachia shamba nanyi mkapumzike ni dhambi ya kumnyima mtu ujira wake.

(g) Msitafutie mtu mchumba. Msipeleke habari za kijana kwa wazazi wake bila yeye kujua, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

(h) Hakikisheni wanarudi kabla ya giza.

(i) Msihesabu matunda. Wengine watarudi kwenye Sakramenti, wengine watakula chapati tu na kwenda zao. Apolo alifanya kazi yake Akaya, mbali na macho ya Akula na Prisila.

Na kama hakuna chuo karibu nanyi? Basi wapo watoto wa jumuiya yenu waliokuja likizo. Huondoka wakiwa watoto, wakarudi wakiwa na maswali, nasi tunawauliza tu, "Utamaliza lini?" Waiteni. Mkimenya viazi pamoja mtasikia mengi.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Tulipokuwa vijana, ni nyumba gani nje ya kwetu iliyotuonyesha ndoa njema? Tuliona nini hasa humo?

2. Kijana akikaa kwetu Jumapili moja, atajifunza nini juu ya ndoa bila sisi kufungua mdomo?

3. Ni lini mara ya mwisho tulipoombana msamaha, na watoto wakasikia?

4. Ni mwanafunzi gani katika jumuiya au parokia yetu ambaye hatumwoni tena? Nani kati yetu atakwenda kumwuliza habari zake?

Azimio la mwezi

Chagueni Jumapili moja. Mwalikeni mwanafunzi mmoja au wawili, wala si zaidi. Tengeni kazi ndogo ya kufanya pamoja, mchezo mmoja, na sala ya dakika tano. Wakiondoka, wawekeeni mayai au mahindi kidogo kwenye mfuko, kama mngemwekea mtoto wenu anayerudi shuleni. Kisha ninyi wawili kaeni chini, mwulizane, "Tumeona nini leo?"

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeketi mezani na wanafunzi wa Emau, keti na mezani petu. Utupe masikio kabla ya maneno. Uwaangalie vijana walio mbali na kwao, na hasa wale waliotoka milangoni petu wakiwa wamejeruhiwa nasi. Utupatanishe sisi tuliooana, ili anayeingia kwetu akuone Wewe. Amina.

Watakatifu Akula na Prisila, mtuombee.